Tanuri

Baba alikuwa mtu wa tanuri.
Alirudi saa kumi na mbili, asubuhi au jioni, kwa kufuata zamu,
akavua shati mlangoni, akanywa jagi zima akiwa amesimama,
na mtoto akimkimbilia miguuni
alisema: si sasa.
Nikadhani ametuchoka.

Leo nina miaka hamsini na mmoja, niko Katuba,
cherehani mbele yangu, Oktoba juu ya bati,
na jambo lile linaanzia chini ya matiti,
linapanda shingoni kama maziwa yanayofura sufuriani.
Sina muda wa kukimbilia kifuniko.
Mteja anataka blauzi ya mikono ya puto.
Namwambia: si sasa.

Kwanza walisema malaria.
Sindano ya kidole, mdudu hakuna, dawa hizi hapa.
Mara ya tatu nikamwuliza muuguzi:
mdudu huyu anayeniamsha saa nane kasorobo kila usiku,
saa anaisoma wapi?
Akacheka. Mimi sikucheka.

Kisha mchungaji, mikono miwili kichwani pangu
(na mikono yenyewe ya moto, jamani),
akamkemea mume wa usiku.
Mume wangu wa mchana, Kaseba, alikuwa benchi la nyuma
akikunjakunja kofia.
Nyumbani hakuuliza. Alihama tu na mto wake
kwenda chumba cha watoto walioondoka,
nami nikabaki na shuka zilizolowa,
nikihesabu mbwa wa mtaa kwa milio yao.

Bado sijasema habari za ukavu.
Sijasema nilivyosahau jina la mdogo wangu, wa tumbo moja,
nikiwa nimemshika mkono.
Nilivyolia kwa sababu uzi wa bluu umekwisha.
Uzi!
Mama hakuniambia kitu.
Alijifunga kitenge, akasema "umri",
akafunga na mdomo kwa fundo lile lile.

Ni Numbi, muuza samaki wa ng'ambo ya barabara,
aliyenikuta nimeingiza kichwa kwenye friji lake.
Hakuuliza. Alisogeza sanduku, akaingiza na chake.
Vichwa viwili vya wanawake na tomsoni mia,
wote tumetoa macho.
Humo ndani, sauti yake ikigonga barafu, akasema:
kuna daktari, siku za Alhamisi. Usiende peke yako.

Tulikwenda watano.
Daktari Mutonkole ana miwani iliyofungwa kwa waya
na hakuandika kitu mpaka nimalize.
Nilimaliza baada ya nusu saa.
Akapima presha, akauliza uvimbe wa titi, kwa mama, kwa shangazi,
ndipo akalitaja neno.
Nikalirudia, ko-ma-he-dhi,
kama mtu anayepima kitambaa
kabla ya kutia mkasi.

Dawa ipo, ila ina safari: kibandiko kidogo cha nyongani,
mfamasia anakingoja kitokee Kasumbalesa,
na bei yake ni blauzi mbili na nusu.
Siku hizi nahesabu hivyo.
Umba amekatazwa, kwa ajili ya titi lake lililokatwa;
yeye kapewa vidonge vingine, na sisi tunampepea.

Sijapona. Hukuwa mgonjwa, anasema daktari,
lakini kuteseka si lazima.
Maneno hayo nayabeba ndani ya sidiria, pamoja na noti.

Jana lilikuja tena, dogo, saa nane kasorobo.
Nikatoka uani.
Dohani kubwa imesimama kule bila moshi,
na kando yake kilima cheusi cha mavi ya shaba
waliyoyamwaga baba na wenzake.
Kimepoa siku nyingi. Lakini kipo.

Kaseba akaja nyuma yangu na jagi.
Akanyoosha mkono begani.
Nikasema: si sasa.
Kisha nikaongeza, kwa kuwa baba hakuwahi kuongeza:
ngoja kidogo.
Usiondoke.