Sindano ya Tano

Theluji ya Kanazawa haibishi hodi.
Imeingia na viatu vya wapiga ngoma,
imeyeyuka kizingitini mwa chumba cha kioo,
nami nimepiga magoti kwenye majimaji yake
nikihesabu sindano. Tano. Daima tano.

Baba amesimama kama nguzo inayongoja paa.
Miaka sabini na mitatu, magoti yanalia kama bawaba kavu,
lakini usiku huu ni mwanamke, na kabla haujaisha
atakuwa pepo.
Namfunga pamba kifuani, tumboni,
mpaka mzee apotee.
Kisha hariri nyeupe ya ndani, pembetatu za dhahabu,
magamba ya nyoka. Hayataonekani bado.
Hasira haianzii nje.

Juu yake joho la maua ya vuli.
Hakuna kifungo, hakuna zipu: vazi hushonewa mwilini.
Napitisha uzi shingoni, jirani na mshipa.
"Vuta pumzi, Baba."
Anavuta. Nakaza.

Jukwaa alimpa kaka yangu Norihide,
aliyelitupa akaenda Osaka kuuza bima.
Mimi alinipa sindano.

Husemwa kinyago hakimtishi aliyekichonga.
Aliyechonga hiki alikufa zamani,
tumebaki sisi tunaotishika.
Pembe mbili, meno ya dhahabu.
Kiinue, kinanguruma.
Kiinamishe upana wa kidole, kinalia,
wala mchongaji hakuongeza hata chozi moja.

Katikati ya mchezo, ndani ya kibanda cha mianzi na kitambaa,
tuko wawili gizani, filimbi inapasua hewa nje.
Namvua uso wa mwanamke, namvika wa pepo,
nateremsha joho mabegani, nalishona kiunoni,
vidole vyangu vinakimbizana na ngoma.
Magamba yanatoka.
Kitambaa kinaanguka.

Narudi nyuma ya jukwaa, nimevaa nyeusi,
nakaa pale wanapokaa wasiokuwepo.
Namwona akipiga kishindo kwenye mbao za mvinje,
mtawa anasugua tasbihi, pepo anarudi nyuma, anasogea, anarudi,
na bega la kushoto limeinuka kidogo,
jambo ambalo hajapata kunifundisha,
jambo zuri kuliko yote niliyowahi kumwona akifanya.

Baadaye nakata nyuzi. Jasho linanuka chuma.
Sindano nne.
Nahesabu tena. Nne.
Ya tano iko chini ya mtulinga wake,
imezama nusu, na kwenye gamba moja
tone jekundu, dogo kama punje ya mtama.

"Mbona hukuinua hata kidole?"

Baba anakitazama kinyago kilicholala sandukuni,
kitambaa cha zambarau kikiwa bado hakijakifunika.
"Nilidhani ni yeye," anasema.
"Nilidhani ndipo panapomuuma."

Naifuta sindano kwenye mkono wa vazi langu jeusi,
ambako damu haionekani,
naichomeka kwenye mto wake.

Tano.