Kisanduku cha Ibra

Nilimwandikia Zuwena: goti linaniuma.
Kabla ya magharibi simu ikaniuzia dawa ya goti.
Sikushangaa. Nilikasirika,
kama mtu aliyemkuta mgeni jikoni
anafunua vyungu.

Sasa picha za arusi ya Ghaniya
ziko Ibra, juu ya friji ya shemeji,
ndani ya kisanduku kidogo kuliko kopo la tende,
kinavuma usiku kucha.
Nasor ana chake Samail, Rashda ana chake Sohar;
vinapokezana habari
kama maji ya falaji, kila shamba na zamu yake,
chemchemi haina bwana.

Jana umeme ulikatika.
Ukoo mzima kimya.
Shemeji akapiga: "Subirini, nachomeka."
Tukasubiri.
Angalau namjua kwa jina
anayeshika funguo zangu.