Droo ya Tatu

Ninazo seti tisa. Kumi, ukihesabu ile ya paka
niliyoagiza kwa posta nikiwa na homa,
nikaijutia homa ilipopoa.
Zimelala droo ya tatu, chini ya soksi za sufu,
kila moja na mfuko wake,
maana karata zikilala pamoja husengenyana.

Usinicheke. Nilikuwa karani wa posta miaka thelathini na mmoja
hapa Torino, dirisha namba nne.
Najua siri zinavyovuja pembeni mwa bahasha.

Ile ya Marseille haina adabu.
Ukiiuliza habari za mume, inakujibu habari za meno yako.
Yenye kingo za dhahabu sijawahi kuichanganya;
naifungua Krismasi, naitazama, naifunga,
kama sahani za wageni ambao hawaji.
Ipo nyeusi tupu, haina mtu ndani,
ndege na mizizi tu. Hiyo naishika Novemba,
ukungu unapopanda kutoka mto Po
na kuketi sebuleni bila kukaribishwa.
Ya paka husema uongo mtamu. Kila mtu humpa safari.

Na ipo ya Ermete.

Ermete hakuamini. Kwake taroti ilikuwa mchezo:
Alhamisi, baa ya Gaspare, watu wanne,
divai nyekundu na matusi ya Kipiemonte.
Karata zake zimeiva kwa mikono, laini kama sikio la mbwa.
Mwezi una duara la glasi.
Na kwenye kopa mbili (kopa zenyewe, vikombe hasa,
kabla mioyo haijavinyang'anya jina)
aliandika kwa penseli deni la Gaspare: elfu nne.
Halikulipwa. Sasa wote wawili hawadaiani.

Jumanne alikuja Fiammetta, binti wa kaka yangu,
mvua mabegani,
pete mfukoni badala ya kidoleni.
"Shangazi, nitandikie karata.
Niende naye Bergamo, au nibaki?"

Nikapiga magoti mbele ya droo.
Magoti yalilia kabla yangu.
Ya Marseille? Ingemkata; shupaza zake ni panga za kweli.
Ya dhahabu? Swali lenyewe lilikuwa na matope.
Ya paka ingempeleka Bergamo kwa kicheko
nami nisingejisamehe.
Mchagua jembe si mkulima, haya, najua,
lakini mkono ukiwa umezama kwenye soksi nilielewa
kwamba kuchagua seti ndiko kujibu,
kwamba nilikwisha kuamua aambiwe nini
na nilikuwa natafuta tu mdomo wa kulisemea.

Niliona aibu. Nikaitoa ya Ermete.

Hii haina kichwa chini, nikamwambia.
Tazama, kila mtu amechorwa mara mbili, kiuno kwa kiuno.
Mgeuze utakavyo, bado amesimama.
"Kwa hiyo inatabiri nini?"
Haitabiri. Inachezwa. Gawa.

Tukacheza hadi tramu ya mwisho ikapita ikitetemesha vikombe.
Nilimfundisha kwamba hapa kwetu Malaika huila Dunia,
kwamba Mpumbavu hali wala haliwi,
hutoka kuzurura, kisha hurudi kwa mwenyewe.
Alinifunga mara tatu.
Alitukana sawasawa na babake.
Bergamo haikutajwa.

Mlangoni aliuliza kama Alhamisi nina nafasi.
Sijui pete aliiweka wapi.

Nilipozihesabu zilikuwa sabini na saba.
Nikatafuta chini ya meza, kwenye mikunjo ya kiti,
hata ndani ya kikapu cha vitunguu.
Iliyokosekana ni kopa mbili, ile yenye deni.

Sikumpigia simu.
Nimezihamisha soksi droo ya pili,
na leo, ingawa daktari Valsecchi amenikataza,
nimenunua chupa ya nyekundu.