Kalenda ya Foula

Sisi wa Foula hatukuipokea kalenda yao mpya.
Krismasi yetu hufika wenzetu wameshatupa miti yao,
na Mwaka Mpya huja nyuma ya wote, miguu imelowa,
kama abiria aliyeachwa na boti.
Wanatucheka huko Lerwick. Na wacheke.
Babu zetu waligoma kuambiwa na mtu wa mbali
leo ni tarehe ngapi.

Ila kugoma kule, Gibbie, kulikuwa kwetu.
Bahari nayo, nani kaibadilishia tarehe?

Nakuandikia jikoni, daftari la Baba liko wazi mbele yangu,
lina harufu ya moshi wa mboji na mafuta ya kondoo.
Mwaka uliozaliwa wewe aliandika:
*Juni, tarehe tano. Genge la kaskazini. Shakwe, viota mia nne na sita.
Kelele haziniachi nihesabu vizuri. Mke anaendelea vyema.*
Hivyo tu. Wewe hukutajwa hata jina,
shakwe wakapewa mstari mzima.

Mwaka huu nililala kifudifudi ukingoni, pale pale,
kiwiko changu ndani ya kishimo kilichochimbwa na kiwiko chake.
Viota kumi na kimoja.
Kimya kilinisaidia kuhesabu.

Wanasema maji yamepata joto. Kidogo.
Ukichovya mkono utaapa ni uongo,
vidole vitakufa ganzi vile vile.
Lakini chini huko, wale wadudu wanono wasioonekana kwa jicho
wamehamia kaskazini na mafuta yao,
na dagaa wa mchangani, waliokuwa wakinenepa kwa kuwala,
wamekonda, wamechelewa, wamepungua;
na kifaranga hajui kungoja:
ganda likipasuka, mdomo u wazi.

Basi mama huleta anachokipata.
Niliona kwa macho yangu: samaki mmoja mrefu, mwembamba,
mgumu kama waya wa ua, hana hata nyama ya kulamba.
Kifaranga alimmeza nusu.
Nusu ikabaki nje, inachezwa na upepo.
Mama akasimama akitazama, kisha akaruka
kwenda kutafuta mwingine wa namna ile ile.

Hata yule jambazi, skua, unamkumbuka
alivyokuwa akituparura vichwa tukipita na mizigo ya mboji,
aliyeishi kwa kupora tonge kinywani mwa wenzake,
leo hana wa kumpora.
Nimemkuta anakula wa kwake.
Sikujua kama ningekuja kumwonea huruma mwizi.

Na bata-mvua? Baba akimwona anaruka kwenda baharini
alikuwa akifunga milango kabla wingu halijaonekana.
Kiangazi hiki kiziwa chake cha mlimani kilikauka. Foula hii,
Foula ya mvua mpaka kwenye mifupa,
matope yakapasuka vipande kama mkate uliosahauliwa.
Alizunguka juu yake siku tatu. Sikujua anatabiri nini.

Usije ukadhani nalia. Kondoo wako salama,
paa nimeliziba baada ya ile dhoruba ya Oktoba,
na Tamsin wa shuleni ana wanafunzi wawili sasa.
Kijindege cha barua hakijatua wiki mbili kwa ukungu,
kwa hiyo hii itagongwa muhuri wa mwaka wao,
nawe utaisoma ukidhani ni habari mpya.

Yule kifaranga nilimteremkia kwa kamba. Usinigombeze.
Samaki nilimtoa kooni taratibu,
kama mtu anayechomoa uzi uliokwama,
kifaranga nikamzika nyuma ya zizi,
samaki nikamweka dirishani. Amekauka. Hakupinda hata kidogo.
Wanafunzi wa Tamsin humwazima kuwa rula.
Na mimi jana, usiku wa Krismasi yetu,
nilitumia mgongo wake kupiga mistari
kwenye ukurasa wa mwaka ujao:
tarehe, genge, idadi.