Ufa Usiovuja

Julai, saa kumi na moja alfajiri, Ruai.
Naipasha moto Corona, nayo inaguna
kama ng'ombe anayekamuliwa na mtu asiyemjua.
Nauzungusha usukani kutoka langoni:
mzito. Mikono miwili, bega, na tumbo kidogo.
Kule nyuma trei kumi na nane za mayai
zinanisikiliza.

Kona ya kuingia Outering usukani ukalegea ghafla,
kisha ukagoma, kisha ukalegea.
Nikafika Eastleigh na mayai kumi na moja yamepasuka,
na Bi Hodan wa hoteli akayahesabu moja moja
bila kusema neno.

Fundi wa kwanza alisema ni pampu.
Nikaenda Kirinyaga Road, nikanunua pampu
iliyotoka Japani na tope lake la huko,
kwa pesa ambazo kuku wangu hawajazirudisha mpaka leo.
Fundi wa pili aliinama, akainuka, akasema ni raki,
kwa sauti ya mtu anayesoma matangazo ya vifo.
Wa tatu alikaza mkanda
akaniambia niombe.

Mulwa wa Kariobangi Light hakutaja kitu.
Alisema, "Zima." Akasema, "Washa."
Akauliza inalia saa ngapi.
Asubuhi, nikamwambia, na nikikata kona gari limesimama.
Akachukua bisibisi ndefu, ncha kwenye pampu,
mpini kwenye sikio, akafumba macho,
huku jirani akitwanga bati kama lina deni lake.
Kisha akafungua kopo la mafuta, akaniita nitazame.
Mafuta niliyoyamimina mekundu
yalikuwa povu, rangi ya yogati ya stroberi.

"Hewa," akasema.

Nikachungulia chini ya gari. Kukavu.
Mwezi mzima sijaona tone.
"Basi hewa inaingilia wapi, na mafuta hayatoki?"

Akaushika mpira mfupi, ule mnene,
unaotoka koponi kwenda kwenye pampu.
"Huu hausukumi, mama. Huu unanyonya.
Ule wa kusukuma ukipasuka, utaona dimbwi.
Huu ukipasuka hauvuji.
Unavuta."
Akaukunja: ufa, chini kidogo ya klempu,
mwembamba kama mstari wa kalamu kwenye risiti.

Nilikuwa karani wa fedha shuleni miaka ishirini na sita.
Hasara inayodondoka nilikuwa naiona kutoka mlangoni.
Nikaukodolea ufa ule kuliko ulivyostahili.
Nyumbani kwangu pia sakafu ni kavu.

Mpira, shilingi mia tatu na hamsini. Klempu mbili, mia.
Akainua pua ya gari kwa jeki, akatia magogo,
magurudumu ya mbele yakaning'inia.
Injini imezimwa. "Zungusha. Mpaka mwisho. Usilazimishe.
Rudi. Mpaka mwisho."
Nikazungusha, yeye ameinamia kopo
akiongeza mafuta funda kwa funda,
na kila duru viputo vikapanda, vikapasuka,
vikubwa kama dengu, kisha kama mtama, kisha kama chumvi.
Nilipoteza hesabu baada ya ishirini,
mimi, karani.
Uso wa mafuta ukatulia. Mulwa akajiona humo,
akajifuta masizi puani.

"Sasa washa."

Haikuguna.
Nikaigeuza pale pale, kati ya milango ya chuma
na rundo la sufuria zisizo na mishikio,
kwa kiganja kimoja, bila bega, bila tumbo,
nikacheka peke yangu kama mwizi.

Pampu ya zamani ingali kwenye buti,
nimeifunga kwa gazeti.
Mulwa aliipima akasema haikuwa na kosa lolote.
Kesho nampelekea yule fundi wa kwanza.
Sitampigia kelele.
Nataka tu aizungushe kwa mkono wake
aone inavyozunguka.