Hodi ya Tatu

Saa tisa usiku, Kutaisi, theluji ya Februari
inageuka matope kabla haijagusa lami,
nami nashuka ngazi za hospitali ya wazazi
na koti juu ya nguo za kulalia,
kwa kuwa nimekata tawi nililokalia.

Mstari mmoja tu. Niliuandika kitandani,
kikombe cha chai kimesimama kifuani,
nikiamuru swichi ya huku chini ifunge mlango fulani,
ikafunga ule niliouingilia.
Kioo kikaganda. Chai ikapoa.
Ghorofa ya tatu, vipimo vya watoto njiti
vikaacha kufika mezani kwa Tsiala,
akatafuta kalamu.

Bondo mlinzi kanipa ufunguo bila neno.
Analo. Ataliweka mpaka asubuhi.

Chumba hakizidi kabati. Feni zinavuma,
taa za kijani zinapepesa kana kwamba hakuna lililotokea.
Milango ya mbele inanitazama, ishirini na minne,
yote imeshiba nyaya,
na hakuna hata mmoja utakaonisikia.

Mlango wa uani hukumbukwa siku ya aibu.
Uko nyuma, umepakana na ukuta:
tundu moja lililozungushiwa mstari wa samawati,
halijui anwani, halijui mtandao,
linajua waya mmoja
na mtu mmoja aliyekuja mwenyewe.

Waya wa Murmani unaning'inia kwenye msumari,
bapa, rangi imepauka,
ncha moja ya kubofya, nyingine ya pini tisa,
na adapta kaifunga kwa plasta ya wodini.
Alistaafu Oktoba. Alikuwa akiongea polepole mno
hata sentensi zake nikawa nazimalizia mimi,
nikizimalizia vibaya.

Napitisha mkono nyuma, kwenye vumbi, napapasa
mpaka kidole kisikie: ta.

Hodi.
Nabonyeza kitufe cha kuingiza. Kimya.
Kishale kinapepesa peke yake.
Waya umelegea upande wangu.
Mara nyingi ni upande wangu.

Hodi.
Sasa inajibu, lakini inajibu takataka:
vistari, mabano, alama za kuuliza zilizopinduka miguu juu,
gunia la maharagwe limepasukia sakafuni.
Haijaharibika. Inasema vizuri kabisa.
Mimi ndiye ninayesikiliza kwa pupa,
biti laki moja na elfu kumi na tano na ushei kwa sekunde,
na yenyewe, mzee wa watu, huongea elfu tisa mia sita.

Nashusha. Biti nane, bila kihakiki, moja ya kukomea.

Hodi.

Yakaja herufi kwa herufi, nayaona yanavyokuja,
Kijojia kilichovishwa herufi za kigeni
maana mashine hii haikufundishwa mikunjo ya abjadi yetu:

*Ukisoma haya, umekuja kwa miguu. Keti kwanza.
Tundu la kumi na saba ni jokofu la damu. Usiliguse.
Kosa lako si la kwanza. La kwanza nililifanya mimi,
usiku wa mwaka mpya, nimevaa suti.*

Nikaketi. Juu ya ndoo ya rangi, hakuna kingine.
Miaka minne alikuwa akiniambia
"kuna maandishi mlangoni, siku moja yasome,"
nami nilidhani ni mlango wa chumba,
ule uliobandikwa *Usivute Sigara*.

Kuufuta mstari wangu hakukuchukua hata dakika.
Nikaiomba ihifadhi. Nikangoja iseme sawa,
nikangoja kwa mwendo wake,
kisha nikaurudisha waya kwenye msumari.

Ghorofa ya tatu, namba zimerudi kwenye kioo.
Tsiala anazitazama, anatazama daftari,
na bado anaandika kwa mkono:
kitanda cha nne, saa kumi kasoro dakika sita,
anapumua.