Hatua Kumi na Moja

Alhamisi, baada ya kipindi cha nane,
Mwalimu Sechelela alituingiza sita sita
katika tenki la lita elfu kumi nyuma ya maabara,
tupu tangu Juni, linanuka plastiki na jua la Kongwa.
"Wanaanga hufanya mazoezi ndani ya bwawa," akasema,
"majini, mwili usahau uzito wake.
Sisi maji hatuna. Tutajifunzia kiu."

Akafunga mfuniko. Kabla ya hapo alikwisha kutufunga vitambaa machoni,
maana mwanaanga, alisema, haliamini hata giza.

Hatari tulizikariri kama majina ya shangazi:
moto, tundu, sumu.
Akigonga mara moja, ni moto: tumbo chini, mkono ukutani.
Mara mbili, chombo kimetoboka: nyamaza,
sikiliza hewa inapigia wapi mluzi.
Mara tatu, sumu: barakoa kwako kwanza, ndipo kwa mwenzio.
Barakoa zetu zilikuwa sweta za shule.

Nyemo akacheka humo ndani, tenki zima likacheka naye:
"Mwalimu, nani atatupeleka huko juu,
na basi la Kongwa lenyewe haliji mvua ikinyesha?"

"Nani kasema juu?
Rudia."

Moto ulikuja Jumanne, saa nane usiku,
kutoka kwenye betri ya sola, kona ya bweni.
Watu huniuliza kama tulipiga mayowe.
Hapana. Hofu tulikwisha kuimaliza Alhamisi.
Arobaini na wawili, matumbo sakafuni,
mkono ukutani, mkono kisiginoni mwa aliye mbele.
Kitandani kwangu hadi mlangoni ni hatua kumi na moja.
Kwa magoti zikawa kumi na tisa.
Hilo hakutufundisha.

Nje, na kanga moja na tochi,
alituhesabu, akatuhesabu tena,
akaanza upya, hadi Nyemo akamshika mkono:
"Mwalimu, tumetimia."
Ndipo akaketi mchangani akatetemeka,
yeye, peke yake kati yetu,
ambaye hakuwahi kuingia tenkini.

Siku hizi nakamua alizeti Kibaigwa.
Juu kabisa nilikowahi kufika ni ghorofa ya tatu,
kufuata leseni ya biashara.
Lakini usiku wa kwanza katika nyumba yetu mpya
nilizima taa, nikafumba macho,
nikashuka sakafuni.
Hadi kwenye komeo, hatua nane. Kwa magoti, kumi na nne.

Mume wangu akauliza nimeangusha nini.
Nikamwambia, lala.
Kesho zamu yako.